Mzigo Usiopokewa: Safari ya Kupima Mvuto wa Ardhi

Tangu nirudi, sipiti barazani pale Usagara bila kukalishwa chini. Huyu aniuliza kama kweli nimeipima dunia na imefika ratili ngapi, yule aniuliza kama tumeyaona mapesa ya Mjerumani. Nimeeleza mpaka koo limekauka, na kila nikieleza kuna mwenzenu huongeza chumvi, hata juzi nimeisikia safari yangu mwenyewe ikisimuliwa sokoni nikashindwa kuitambua. Basi nimeiandika. Mambo ya vibali na maandalizi nayaacha, hayana utamu. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, nami mniache ninywe kahawa yangu.

Raskazone hadi Muheza

Kwanza muijue mizani yenyewe. Kwa nje ni kama chupa kubwa ya chai, ya bati, yenye mkanda wa kubebea. Ndani yake mna springi ya kioo, nyembamba kuliko unywele, iliyoshika kijiwe kidogo. Mahali ardhi inapovuta zaidi, springi hunyooka. Inapovuta kidogo, hujikunja. Unaweka sahani ya miguu mitatu chini, unaisimamisha mizani juu yake, unaisawazisha kwa pimamaji kama ya mwashi, kisha unachungulia tunduni. Utaona mstari wa mwanga. Unazungusha gurudumu dogo mpaka mstari usimame penye alama yake, ndipo unasoma tarakimu. Chini kukiwa na mwamba mzito tarakimu hupanda, kukiwa na mchanga hushuka, na hivyo wakubwa wanajua kilichomo ardhini bila kuchimba hata shimo la mhogo.

Ila springi huchoka. Ni kama kamba za kitanda, kila siku hulegea kidogo hata usipokilalia. Kwa hiyo tulianzia kwenye nguzo fupi ya saruji nyuma ya ofisi yetu ya upimaji, Raskazone mjini Tanga, na ilitupasa tumalizie pale pale. Ukirudi, ukiutoa ule uchovu wa kawaida, tarakimu za mwisho zikipatana na za kwanza, basi laini, yaani mstari wote wa vituo, imefunga. Zisipopatana, jasho lako lote limekwenda na maji. Na njiani pia huendi moja kwa moja. Unasoma kituo cha kwanza, unasoma cha pili, unarudi cha kwanza, halafu tena cha pili, ndipo uende cha tatu. Wanaotuona hudhani tumesahau kitu kila mahali.

Tulikuwa watatu. Bwana Mpimaji, Mzungu mrefu mwenye haraka, alisoma mizani na kuendesha gari. Hoza, Mbondei wa Magila, alibeba sahani na betri. Mimi nilibeba mizani, mapajani tukiwa garini na begani tukiwa kwa miguu. Kazi ikiisha Bwana alikuwa akinifundisha kuisoma, na kwa kweli nilikuwa nimeshaijua. Nilitaka jambo moja tu: niwe msomaji wa mizani, si mbebaji wake. Ofisini walikuwapo waliosema kazi ile haiwezwi na mtu kama mimi. Niliwasikia kwa masikio yangu mwenyewe, na mnanijua, neno kama hilo mimi hulala nalo na kuamka nalo.

Muheza tulisimama karibu na soko. Mwanamke mmoja muuza machungwa, aliyekuwa na iliki pia, aliacha wateja wake akaja kunitazama nikiwa nimeikumbatia mizani.

"Mbona chupa yako ya chai yabebwa kama mwali?"

"Si chai, mama. Hii yapima jinsi ardhi inavyovuta vitu."

"Ardhi yavuta?"

"Chungwa likianguka mtini laenda wapi?"

"Chini."

"Sasa nani kalivuta?"

"Hakuna aliyelivuta. Limeiva."

Hoza alicheka mpaka akaketi. Nikamweleza mama yule kwamba hata huko milimani Amani mvuto ni mdogo kuliko pwani, kidogo sana. Hapo macho yakamng'aa. Akataka kujua, akinunua iliki ratili kadhaa kule juu akaja kuiuza Tanga, je, itazidi uzito? Nikamwambia hapana, kwa kuwa mawe ya mizani yake nayo huwa mepesi kule kule, kwa hiyo huku na huku ni sawa.

"Kumbe chombo chenu hakina faida," akasema, akarudi kwa wateja wake. Alitupa machungwa ya bure, nadhani kwa kutuhurumia.

Muheza hadi Pangani

Njiani kote mashamba ya mkonge, na kila tulipotua sahani alitokea mtu. Mzee mmoja alisimama mbele ya minazi yake na panga mkononi, hakutusalimu, akauliza tu, "Mwampimia nani shamba langu?" Nikamwamkia shikamoo, nikamwapia kwamba hatupimi mipaka. Aliitikia marahaba shingo upande, na hakuondoka mpaka tulipoondoka sisi. Sikumlaumu. Mkonge ule wote ulianza kwa watu waliokuja na vyombo vya kupimia.

Pangani ndiko yalikotukuta ya mapesa ya Mjerumani. Tulisoma mizani mahali karibu na mto, tukaenda kituo cha mbele, tukarudi kusoma mara ya pili kama ilivyo desturi yetu. Tukakuta shimo. Palepale iliposimama sahani pamechimbwa kiasi cha mtu kuingia hadi kiunoni, na mwenyewe alikuwa bado yumo ndani, amejaa udongo hadi nyusi.

"Mmekwisha kuyatoa?" akaniuliza kwa uchungu.

"Kuyatoa nini?"

"Msinifanye mtoto. Chombo chenu kilitua hapa, mkachungulia, mkaandika, mkaondoka mbio. Mjerumani alizika mapesa yake kwenye sanduku la chuma, babu yangu aliona."

Bwana alikasirika, maana ardhi ikishachimbwa kituo kimeharibika. Tukaweka kituo kipya kando na kuanza upya. Yule mchimbaji akatusubiri tumalize, kisha tulipogeuka nyuma tukamwona anahamisha jembe lake.

Siku iliyofuata Bwana aliamka anatetemeka. Homa ilimshika vibaya, macho ya manjano, hata gari hakuweza kuliendesha. Akapatikana dereva wa kumrudisha Tanga hospitali. Bwana akaniambia nipande naye pamoja na mizani, kazi iishie hapo. Ilikuwa imebaki kipande cha kusini, Ushongo na Kipumbwi, kisha kurudi Tanga kwa njia ya pwani.

Nikamwambia, "Bwana, niachie mizani. Nitamaliza mimi."

Akanitazama sana. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kutazama sana. Akasema, "Laini ikifunga, utakuwa msomaji. Isipofunga, nitaipima upya mimi na mtu mwingine, na wewe utabeba kama zamani."

"Itafunga," nikasema. Gari likaondoka, mizani ikabaki begani mwangu.

Bweni hadi Kipumbwi

Tulivuka mto kwa pantoni mpaka Bweni, tukashika njia ya kusini kwa miguu. Ushongo tulisoma vizuri, kwenye jiwe bapa juu ya ufuo, na mstari wa mwanga ulikuwa ukitetemeka kidogo kwa vishindo vya mawimbi. Kutoka hapo mpaka Kipumbwi ni mwendo wa kuchosha hata kwa mtu asiyebeba kitu. Mizani hairuhusiwi kuinama, hairuhusiwi kugongwa, na jua la pale halina msamaha.

Kipumbwi nilikuwa na mwenyeji, Bi Mwantumu, shoga wa mama yangu tangu utoto wao. Mjane, mwenye sauti nzito na moyo mpana. Nilipobisha hodi alitoka mbio, na kabla sijamaliza shikamoo yangu alikuwa ameshaupokea mzigo begani mwangu.

Ndugu zangu, hapa ndipo penyewe. Ninyi ni watu wa pwani, mwajua. Mgeni akifika, mzigo wake hupokewa. Mgeni anayeung'ang'ania mzigo wake mlangoni amekutukana: ama akuona mwizi, ama amekuja kuondoka. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama ulivyofunzwa tangu utotoni, ukamwachia. Nilishtuka alipokuwa tayari yumo chumbani. Nikaita, "Mama, taratibu, iwe wima." Akaitikia, "Nishaiweka, mwanangu, nawe pumzika." Nikamfuata ndani.

Ilikuwa imelala kitandani ubavu, imefunikwa shuka.

"Chai yenu imekwisha," akasema Bi Mwantumu. "Nimeitikisa sana sikioni, haina kitu. Ngoja niwapikie nyingine."

Nikaibeba nje, nikatua sahani, nikasawazisha, nikachungulia. Mstari haukuonekana. Nikazungusha gurudumu, nikazungusha, mwishowe ukaja, umbali ambao sijapata kuuona. Ardhi ya Kipumbwi haiwezi kuwa mbali hivyo na ya Ushongo. Springi ilikuwa imeruka kutoka mahali pake.

Mnajua hasira zangu ziko karibu. Siku hiyo nilizisikia zikipanda, na mbele yangu amesimama mwanamke mwenye umri wa mama yangu, ameshika buli la chai. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye mizizi ya mikoko peke yangu mpaka zikashuka. Nilijisikia nimekufa.

Hoza alinifuata. "Ongeza kidogo hapa, punguza kidogo pale," akasema. "Nani atajua?"

"Tanga itajua," nikamwambia. "Ile saruji ya Raskazone haina mjomba. Nikidanganya huku, kule haitafunga."

"Sasa?"

"Sasa tunarudi Ushongo. Tarakimu za Ushongo kabla ya kutikiswa ninazo. Tukisoma tena pale pale, tutajua imeruka kiasi gani. Kisha tunakuja tena hapa kuona kama imetulia."

Hoza alitazama miguu yake, akatazama njia. Akasema maneno ya Kibondei ambayo sikuyauliza maana.

Ushongo tena, na Kipumbwi tena

Bi Mwantumu alipoelewa alichokifanya hakulia wala hakujitetea. Alitulisha kwanza, wali wa nazi na kamba wa mchuzi, akatusimamia mpaka sahani zikawa nyeupe. Asubuhi tulimkuta mlangoni amejifunga kanga zake barabara, ameshika fimbo.

"Waenda wapi, mama?"

"Naenda nanyi Ushongo."

"Ni mbali."

"Napajua kuliko wewe. Niliolewa huko." Kisha akasema, "Mwanangu, njia nzima hii ni watu wangu. Kila nyumba watakupokea mzigo. Utawakatalia wangapi kabla hawajakuita mwana asiyefunzwa? Na ukimkubalia mmoja tu, kazi yako imeharibika mara ya pili."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wallahi, sikuwa nimelifikiria.

Maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa mpaka kwenye minazi, ufuo wote umefichwa, ikatubidi tupite ndani porini na kuzunguka vijito. Na hapo niwaambieni jambo nililofundishwa na Bwana: mwezi ule ule unaoinua bamvua huivuta na springi pia, kidogo mno, na lazima uhesabu. Kwa hiyo bahari ilitufungia njia, na mwezi ukanivurugia tarakimu, vyote siku moja.

Bi Mwantumu alitangulia mbele kila tulipokaribia nyumba. Nilimsikia akisema, "Mgeni wangu anakuja. Mzigo wake haupokewi. Si kiburi chake, ni amri yangu. Mpeni maji, mpeni kiti, mikono yenu iwe nyuma." Watu walitii, lakini kwa taabu. Mwanamume mmoja alisimama ameishika mikono yake mgongoni kama mfungwa, ananitazama nikitua mzigo mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefedheheka. Akaniambia, "Leo umeninyima haki yangu." Nikamwomba radhi. Akanipa dafu, akasema amenisamehe lakini nisirudie.

Ushongo nilitua sahani kwenye jiwe lile lile. Bi Mwantumu akaomba kuchungulia. Nikamwonyesha.

"Yatetemeka," akasema.

"Yasikia mawimbi."

Hakuliondoa jicho tunduni. "Na mimi nimeitikisa kama kopo la senti," akasema taratibu.

Nilisoma, nikasoma tena, na tena. Tarakimu zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe, na nilipolinganisha na za mwanzo, mruko ukaonekana wazi. Nilijua sasa umbali wake. Lakini springi iliyoshtuka huweza kuendelea kutambaa, kwa hiyo tulirudi naye mpaka kwake Kipumbwi, mwendo ule ule, vijito vile vile. Nilisoma uani kwake, yeye akiwafukuza kuku. Ilikuwa imetulia. Hapo ndipo nilipokunywa chai yake kwa mara ya kwanza, na ilikuwa na tangawizi nyingi.

Tulipoaga alinishika kichwa akaniombea dua ndefu. Hakunishika begani, kwa kuwa mizani ilikuwa begani.

Pangani hadi Kigombe kwa lori

Tuliporudi Pangani sikutaka tukae. Kila saa springi huzidi kuchoka, na yangu ilikuwa imeshapata msiba. Hoza akatafuta lori la mbata linalokwenda Tanga, na nikashangaa dereva alivyonifungulia mlango wa mbele kwa adabu, akaendesha polepole kama anabeba mayai. Kila penye shimo alipunguza mwendo, akasoma bismillahi. Nikasema moyoni, leo Mungu ametukumbuka.

Kigombe akasimamisha lori. Akanigeukia na macho yamejaa maji. "Ndugu yangu," akasema, "mama yangu yu mgonjwa, hapo nyuma ya ile misufi. Nakuomba tone moja tu."

"Tone la nini?"

"La Zamzam."

Nikashuka nikamwendea Hoza nyuma juu ya magunia. Hakuona aibu hata kidogo. "Nilimwambia umebeba maji yenu matakatifu," akasema. "Kwani hakwenda polepole?" Hoza ni Mkristo, hakujua uzito wa alichokisema, na nilimwambia uzito huo kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikarudi kwa dereva.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumpa maji ya mtungini na tukafika Tanga siku ile ile. Lakini mama wa mtu ni mama wa mtu. Nikamwambia kweli yote, nikamwomba radhi kwa ajili ya mwenzangu. Hakunitukana, na heri angenitukana. Akafungua mlango, akashusha sahani yetu na betri akaviweka chini vizuri, akapanda lori lake akaenda zake.

Basi tukatembea. Kigombe hadi Tongoni, Tongoni hadi Tanga, tukipokezana sahani na betri, ila mizani sikumpa mtu. Karibu na Tongoni Hoza akasema, "Nimekosa," nami nikamwambia tembea.

Raskazone

Bwana alikuwa ametoka hospitali, amekonda, kola ya shati imempwaya. Alikaa kwenye kiti uani akatazama nikitua sahani juu ya saruji. Hakusaidia. Nilisawazisha, nikangoja mstari utulie, nikasoma kwa sauti. Kisha akainuka akasoma yeye. Tarakimu zetu zilikuwa sawa.

Akakaa na hesabu. Nilisimama. Niliweza kusikia kunguru wote wa Raskazone. Akafika kwenye tarakimu za Kipumbwi, kalamu ikasimama.

"Hapa imeruka."

"Ndiyo, Bwana. Ilitikiswa."

"Ukafanya nini?"

"Nilirudi Ushongo nikaupima mruko. Kisha nikaenda tena Kipumbwi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Nani aliitikisa?"

"Ilikuwa amana yangu, Bwana."

"Nimekuuliza nani."

"Nami nimekujibu."

Nilijua naweza kuwa nimeukata mkono wangu mwenyewe. Jina la Bi Mwantumu lingeniokoa, na lingekuwa kweli. Lakini yule mama alitembea njia ile na fimbo yake kwa ajili yangu, na jina lake halikuwa la kuandikwa pembeni mwa hesabu za watu.

Bwana akaendelea. Akautoa mruko, akautoa uchovu, akautoa mwezi. Mwishowe akapiga mstari chini ya hesabu na kuitazama sana, kama ilivyo desturi yake. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyokuwa tukiipata yeye mwenyewe akisoma.

"Imefunga," akasema. Akaivuta kalamu kwake, akainua macho. "Kesho tunaanza laini ya Mkinga. Wewe utasoma. Mimi nitaandika."

Nilitoka nje nikiwa sioni vizuri. Nililia, na sioni haya kulisema. Hoza alikuwa amekaa ukutani, miguu imo ndani ya ndoo ya maji. Nikamwambia. Akaniuliza mshahara utapanda kiasi gani. Nikamwambia sikukumbuka kuuliza.

Hoza akanitazama kwa huruma, akatoa mguu mmoja kwenye ndoo, akanisogezea nafasi.